Meno Manane Yasiyo na Kosa

Mwamini, binti yangu,

Umetoka na mdogo wako Aziza kwenda Ruashi kumuaga baba yako mkubwa, na baba yako yuko uani anafunga sanduku lako kwa kamba kana kwamba litakwenda Lusaka kwa miguu yake lenyewe. Meza nimebaki nayo peke yangu. Nilikusudia kukuandikia juu ya paspoti, juu ya wabadilisha fedha wa mpakani Kasumbalesa, juu ya blanketi. Lakini hayo umekwisha kuambiwa na kila mtu aliyepita mlangoni wiki hii, hata muuza mikate. Mimi nitakuandikia juu ya meno yako.

Usicheke. Au tuseme, cheka; barua yote hii ni kwa ajili hiyo.

Tangu asubuhi nina furaha ambayo sijui niiweke wapi. Nimeimba nikiosha sahani, na baba yako akaingia kuuliza ni nani aliyefungua redio. Binti yangu anakwenda kusimama katika mapokezi ya hoteli, awakaribishe watu kwa lugha nne, na watu hao watamwona uso mzima. Uso mzima, Mwamini. Hilo ndilo linaloniimbisha.

Ulikuwa darasa la tatu ulipoinama kunywa maji kwenye bomba la shule, mwenzako akakusukuma kwa mchezo, na chuma cha bomba kikachukua pembe za meno yako mawili ya mbele. Hukulia sana. Ila tangu siku hiyo mkono wako wa kulia umekuwa pazia la kinywa chako. Katika picha za arusi ya kaka yako watu wote wana vinywa. Wewe una vidole.

Leo asubuhi daktari wa meno aliweka rojo nyeupe juu ya yale mawili, ikagandia hapo, bila kukwangua kitu chochote, ili uone tu jinsi yatakavyokuwa. Akakupa kioo. Ukajiangalia, ukacheka. Mkono ulianza kupanda, ukafika kifuani, ukasahau ulikuwa unakwenda wapi, ukashuka. Mimi niligeuka kusoma kalenda iliyoko ukutani. Ilikuwa ya mwaka jana, lakini niliisoma kwa makini sana.

Kwa hiyo usidhani nimekaa hapa ili nikuzuie kuweka faseti, vile vigae vya meno. Wanaosema kwamba kutengeneza meno ni kumkosoa Muumba, waache waseme. Muumba hakuumba bomba la shule.

Ninachotaka tuzungumze ni yale mengine manane. Mireille, mwenzako wa kazi ambaye mtalala chumba kimoja huko Lusaka, amekutumia picha za kinywa chake, nami nimeziona. Kinang'aa kama sinki jipya. Amewekewa faseti kumi, na mahali alipowekewa, huko huko Lusaka, wanafanya kumi kwa pamoja, kumi au hakuna. Umekwisha kuchukua nafasi huko, wiki ya kwanza baada ya kufika. Katika meno hayo kumi, mawili yalivunjwa na bomba. Manane hayana kosa lolote. Ni hayo manane ninayoyaandikia barua.

Hadithi ya jino langu la dhahabu unaijua kama kichekesho, kwa sababu Mama Mdogo Zaituni huisimulia kila sikukuu na kuigiza jinsi nilivyokuwa nikicheka mbele ya kila dirisha. Acha leo niisimulie mimi.

Katika nyumba zetu, za watu ambao wazee wao walitoka Maniema, bibi arusi alitengenezwa kuanzia unyayo hadi kinywani. Hina miguuni na mikononi, wanja machoni, na kwa familia iliyotaka mtaa ujue kwamba imempenda binti huyo, dhahabu kwenye jino. Nyanya yako mzaa baba alileta dhahabu ya shingo na ya masikio. Kikabaki kipande kidogo. Akakiinua kwenye mwanga akasema, "Hii itakaa mu kinywa. Kila mara akicheka, bantu bataona njo sisi."

Hatukwenda kwa daktari. Tulikwenda mtaa wa Kamalondo kwa sonara, yule yule aliyetengeneza bangili zangu. Hakuna aliyeona ajabu. Dhahabu ni kazi ya sonara, na jino lilikuwa mahali pa kuiweka tu, kama sikio.

Alilipunguza jino langu kwa tupa ile ile ya bangili. Lilikuwa jino zima, jeupe, halijawahi kuniuma hata siku moja. Nilikuwa nimeshika kioo, na nilimuuliza swali moja tu: "Rangi yake itabaki?"

Akajibu, "Dada, hii dhahabu itakuzika weye."

Alisema kweli, kwa upande wa dhahabu.

Arusi ilikuwa nzuri. Nilicheka kwa kila mtu, hata kwa wale ambao hawachekeshi. Lakini tangu glasi ya kwanza ya maji baridi jino lilipiga kelele, nami sikusema. Utasemaje kwamba linauma, na wanawake wa mtaa mzima wamekusifu? Sifa hufunga kinywa kuliko uzi. Nikajifunza kutafuna upande mmoja, kunywa chai ikiwa vuguvugu, na kutabasamu. Miaka ikaenda hivyo. Jino lilikuwa linakufa chini ya dhahabu, na kwa nje lilizidi kupendeza. Ramadhani moja shavu langu lilivimba hadi jicho likajifunga, ndipo daktari akaling'oa. Aliniwekea kiganjani: dhahabu nzima, inang'aa kama siku ya kwanza, na ndani yake kitu cheusi kama njiti ya kiberiti iliyokwisha kuungua.

Baba yako aliirudisha dhahabu hiyo kwa sonara, na ndiyo vipuli unavyovaa tangu akika yako. Dhahabu ilipata mahali pengine pa kukaa. Ufizi wangu ulibaki na pengo.

Simlaumu sonara. Alikuwa mjuzi wa dhahabu, na dhahabu aliitendea haki. Wala sijutii kwamba nilitaka kupendeza. Nikirudishwa msichana leo, nitataka tena, na zaidi. Nilipokosea ni kwamba maswali yangu yote yalihusu kitu kitakachowekwa, na sikuuliza hata moja juu ya kitakachoondolewa. Hina ukiichoka, inafifia yenyewe. Tupa haifuti kazi yake.

Ndiyo maana leo nilimchosha daktari kwa maswali, ingawa ulikuwa unanigusa kwa kiwiko.

"Daktari," nikamwambia, "kabla ya kubandika faseti, mnaondoa nini kwenye jino?"

"Ngozi ya juu, mama. Kidogo tu, kama unene wa ukucha. Kwa meno ya Mwamini, pengine hata kukwangua haitakuwa lazima, kwa sababu pembe zenyewe zimepunguka."

"Na kile kidogo kikiondoka?"

"Hakirudie."

"Hata baada ya miaka?"

"Mama, hairudie. Muntu akishakwanguliwa kwa ajili ya faseti, ni muntu wa faseti maisha yote. Ya kwanza ikichoka, ao ikivunjika, inaomba ingine. Na yeye angali kijana."

Uliacha kunigusa kwa kiwiko hapo. Nilitambua.

Halafu akatueleza jambo ambalo sikulijua, nami naliandika ili lisikupotee njiani. Wapo wanaoahidi faseti na kuweka kofia. Faseti ya kweli ni kigae chembamba kinachokaa mbele ya jino, kama ukucha wa bandia juu ya ukucha. Kofia hulifunika jino lote, na ili iingie, jino huchongwa pande zote mpaka libaki kama kigingi. Kofia ina kazi yake kwa jino lililooza au lililovunjika vibaya. Kwa jino zima, hiyo ni arusi yangu inayorudiwa. Basi kabla mashine haijaanza kulia, mwambie daktari wa huko akuonyeshe meno ya watu wengine aliyoyachonga, kabla hayajafunikwa. Picha za mwanzo na za mwisho watakuonyesha kwa furaha. Wewe omba ya katikati.

Muulize pia, faseti ikidondoka siku ya Jumapili, ni nani atakayeirudisha. Akikunja uso kwa swali hilo, umekwisha kujibiwa. Na fizi zako zikitoka damu unapopiga mswaki, zitibiwe kwanza. Mtu hajengi ukuta juu ya tope.

Kuhusu rangi sina la kusema, kwa maana ulikwisha kusema mwenyewe. Daktari alikupeleka dirishani na vile vipande vyake vya kulinganisha, akakueleza kwamba kigae hakibadiliki kwa dawa ya kung'arisha, kwa hiyo anayetaka meno meupe zaidi ang'arishe kwanza yale ya asili, kisha kigae kifuatishwe. Ulipitisha kidole juu ya vyote. Kile cheupe kama sinki ulikishika, ukakirudisha. Ukachagua kilichofanana na rangi ya meno yako. Hakuna aliyekusukuma.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nichukue kalamu.

Daktari alileta meno yako ya plasta, yale aliyoyatoa kwenye rojo uliyoiuma juzi, akayaweka mezani kama sahani mbili. Akapitisha kidole juu ya ncha zake.

"Mama, angalia hapa. Haya meno imeisha juu, iko sawasawa kama meza. Mwamini, unasagaka meno usiku?"

"Mimi? Hapana, docta! Kabisa!"

Aziza aliyekuwa ameketi karibu na mlango akaruka. "Eh, yaya, dada yangu! Weye? Docta, mi nalalaka naye. Kila usiku ni moteri ya kusaga bunga! Bajirani banafikiri tunasaga mihogo."

"Muongo huyu!"

"Muulize mama!"

Daktari aliniangalia, nami nikasema ukweli. Ulikasirika kabisa, ukanuna hadi tulipopanda teksi. Lakini daktari hakucheka. Alisema kwamba anayesaga usiku huvunja faseti kama anavyovunja karanga, na kwamba itabidi ulale na kinga ya plastiki kinywani, la sivyo kazi yote ni bure.

Mwanangu, Aziza hakukusingizia. Ulianza mwaka wa mtihani wa serikali. Ukiwa na hofu kubwa unasaga, ukiwa na furaha kubwa unasaga zaidi. Wiki hii tunakusikia hadi chumbani kwetu, na baba yako husema, "Musafiri amewasha moteri." Wewe hujawahi kujisikia, kwa sababu anayesaga huwa amelala. Daktari wa Lusaka atakuuliza swali lile lile, nawe utamjibu kwa uaminifu wote kwamba husagi, na utakuwa umekosea bila kusema uongo. Yapo mambo juu yetu yanayojulikana tu na wale wanaolala karibu nasi. Kesho hatutalala karibu nawe. Hilo ndilo lililonigusa pale, katikati ya kicheko cha Aziza, na ndilo ninalokufungia safari hii pamoja na mikate.

Na chakula cha mchana je? Nitakaa miaka nikikicheka.

Uliingia na meno ya majaribio, Mama Mdogo Zaituni amekwisha kufika na samaki wake wa Pweto. Alikushika kidevu, akakugeuza kushoto na kulia kama nyanya sokoni.

"Weee! Huyu njo Mwamini wetu, ao ni muntu wa televizio?"

"Mama mudogo, acha."

"Cheka tena. Cheka nione vizuri! Aziza, leta taa."

"Taa ya nini? Jua iko inawaka!"

"Leta tu. Mi nataka kuona mpaka ndani."

Daktari alikuambia usiume kitu kigumu. Tulikaa, bukari ya unga wa mahindi ikitoa mvuke, sombe ya majani ya mihogo katikati, na samaki wa Pweto ambaye hata aliyepoteza kumbukumbu hawezi kumsahau. Wewe ulimsahau daktari. Tukasikia *ka!*, na macho yako yakasimama.

"Imetoka," ukasema.

"Iko wapi?"

"Mu sombe."

"Basi!" akasema Zaituni, mikono juu. "Hakuna muntu ameze!"

Baba yako aliacha kutafuna. "Mi nimekwisha kumeza kitu. Kilikuwa kinakwaruza."

"Ilikuwa mufupa, baba."

"Una hakika?"

Tulitafuta katika sombe kama watu wanaotafuta pete. Mwishowe Zaituni akaliona pembeni ya tonge lake mwenyewe, akapiga kelele, "Jino ya muntu mu sahani yangu! Yesu na Muhammad, nimeanza kula bantu!" Tangu lini Zaituni amemtaja Yesu, sijui. Woga humpeleka mtu hata kanisani.

Hapo ndipo ulipocheka. Nilikuwa mkabala nawe na nilikuona vizuri. Mkono wako wa kulia ulikuwa umejaa bukari, haukuweza kupanda. Ulicheka kinywa chote kikiwa wazi, machozi yakitoka: jino moja la majaribio, jingine lililovunjika kama lilivyokuwa tangu darasa la tatu, na pembeni yale manane, yanacheka bila kumwomba mtu ruhusa. Nimekufahamu tangu siku uliyozaliwa, lakini kicheko hicho nilikuwa sijakiona kikiwa kamili tangu ukiwa mtoto.

Baadaye nilipita na sahani, ukiwa mbele ya kioo cha ukumbini. Ulikuwa umefunika yale mawili kwa kidole kimoja, unayatazama mengine.

"Mama," ukaniuliza, "haya ya pembeni haina shida, eh?"

Nikaenda zangu jikoni na sahani. Usione kwamba nilikupuuza. Lilikuwa swali zuri mno, nikataka ulisikie mwenyewe hadi mwisho.

Kinywa ni chako, Mwamini, na umri wa kuamua unao. Ukitengeneza mawili, nitafurahi. Ukirudi likizo na kumi, nitakupikia kile kile nilichopika leo, bila mifupa, na hutasikia neno kutoka kwangu. Ila usikubali "kumi au hakuna" kwa sababu ya kuona haya kukataa. Mtu anayekwambia hakuna, mwambie basi hakuna, umshukuru, uondoke. Daktari wetu bado yuko hapa, na magari yanayokwenda Kasumbalesa ndiyo hayo hayo yanayorudi. Na ikiwa baadaye jino lolote litauma, sema linauma, siku hiyo hiyo, hata kama hoteli nzima, kuanzia meneja hadi mpishi, imekwisha kukusifu.

Meno yako ya plasta yamo sandukuni. Nilimwomba daktari, akanipa. Nimeyafunga katika kitenge changu cha kijani, kati ya viatu vyako vya kazi. Afisa wa forodha akifungua akakuta meno yanamcheka, mwambie ni yako, umeyatanguliza. Ukikaa kwenye kiti cha daktari wa Lusaka, mpe ayashike, aone ncha zilivyosagika, na useme hivi: "Mama yangu anasema ninasaga usiku." Usitie "labda". Kisha, kabla hajawasha chochote, shika kipuli chako kidogo. Ni hilo tu.

Na asubuhi Mireille atakayoamka na uso uliovimba, akulalamikie kwamba hukumwacha alale kwa ile moteri yako, usimnunie kama ulivyomnunia Aziza. Mshukuru. Siku hiyo utajua kwamba Lusaka una mtu.

Kazi ikikamilika, mawili au kumi, nipigie picha siku hiyo hiyo, usingoje kusuka wala kuvaa vizuri. Sitaangalia rangi. Mkono tu uwe chini.

Geti limelia. Mnaingia, wewe na Aziza, mnacheka juu ya jambo la Ruashi ambalo bila shaka nitasimuliwa kabla sijafunga bahasha. Giza limekwisha kuingia uani na sioni mkono wako uko wapi. Lakini nasikia. Leo sauti yako haipiti kwenye vidole.

Mama yako